Ndoa, mtoto, kufiwa, retrete: karatasi zinazogeuza kodi yako Lubumbashi

Chukua bulletin yako ya mshahara ya mwezi uliopita. Chini ya mshahara wa msingi, chini ya feza ya nyumba na ya transport, kuko mistari miwili ya kukata: CNSS na IPR. Kisha tafuta pahali pameandikwa hesabu ya watu wanaoishi kwa mkono wako. Kwa bulletin nyingi inaitwa « personnes à charge », ao kwa kifupi PAC. Kama una bibi na watoto wanne, na pale pameandikwa sifuri ao moja, basi kila mwezi unalipa kodi kupita ile sheria inakuomba. Na hakuna mtu atakuja kukuambia.

Hilo ni swali linalorudi kila mara tunapogusa mambo ya kodi hewani: « Miye niko na batoto batano, mbona bananikataka sawa na kijana hana hata mutoto moya? » Watu wengi wanafikiri jibu liko ku DGI, kwenye ofisi ya kodi. Mara nyingi jibu liko ku komini. Mtoto asiyeandikwa ku état civil, ndoa iliyobaki kwa familia tu, baba aliyekufa na parsele bado iko kwa jina lake: kwa kodi, mambo hayo hayajafika. Ofisi inahesabu karatasi iliyo mbele yake.

Tutapita hapa kwenye mabadiliko makubwa ya maisha na kuangalia kila moja linagusa nini kwa mfuko wako. Tutakaa zaidi kwa kufiwa, juu ni pale watu wanapoteza vingi.

IPR: hesabu yenyewe

IPR ni « impôt professionnel sur les rémunérations », kodi ya mshahara. Mwajiri anaikata mbele ya kukulipa, kisha anaipeleka ku DGI mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Msingi wake ni ordonnance-loi 69/009 ya tarehe 10 mwezi wa pili 1969, vile ilivyorekebishwa mara nyingi. Mwisho wa 2023 Kongo ilipata sheria mpya ya kodi ya mapato, inayoleta jina IRPP kwa watu pahali pa kodi zile za 1969. Kwa hiyo mbele ya kushindana na mwajiri wako juu ya franka mia tano, muulize kwanza barème gani anatumia kwa mwezi huo. Mfano tunaotoa hapa ni wa IPR.

Barème inaenda kwa ngazi. Kwa mwaka, kuanzia franka ya kwanza mpaka 1.944.000 FC unalipa 3%. Kutoka pale mpaka 21.600.000 ni 15%. Kutoka pale mpaka 43.200.000 ni 30%. Kinachopita ni 40%, lakini kodi yote pamoja haiwezi kupita 30% ya mapato yanayohesabiwa. Watu wengi wanasikia « 15% » na wanafikiri mshahara wote unakatwa 15%. Hapana. Kila ngazi inakatwa kwa kiasi chake.

Tuchukue mtu anayepata 1.000.000 FC kwa mwezi. Kwanza CNSS inakata 5%, ni 50.000. Inabaki 950.000, na hiyo ndiyo inahesabiwa kodi. Ngazi ya kwanza kwa mwezi ni 162.000: 3% yake ni 4.860. Kiasi kinachobaki ni 788.000: 15% yake ni 118.200. Jumla ni 123.060 FC kwa mwezi.

Sasa familia inaingia. Kila mtu anayeishi kwa mkono wako anapunguza kodi hiyo kwa 2%, mpaka watu 9. Bibi na watoto wanne ni watu watano: 10%. Kwa mtu wetu ni 12.306 FC kila mwezi, 147.672 kwa mwaka. Kwa watu wa mishahara mikubwa ya mine inaweza kuonekana kidogo. Kwa mwalimu ao sentineli, ni daftari za watoto za mwaka mzima.

Vitu vingine vimeachwa nje ya kodi: allocations familiales kama hazipiti kiasi cha sheria, feza ya nyumba kama haipiti 30% ya mshahara, transport kwa kiasi cha kweli, na matunzo ya hospitali. Kuko waajiri wanaoweka kila kitu kwa jumla moja kwenye bulletin, « salaire global ». Inaonekana nzuri kwa macho, lakini kila kitu kinaingia kwenye kodi. Omba watenganishe mistari.

Ndoa

Dote imetolewa, familia zimekula na kunywa, picha zimepigwa. Kwa mila mmeoana. Kwa sheria pia ndoa ya familia inakubaliwa, lakini Code de la famille inaomba mwende kuiandikisha ku état civil ya komini katika mwezi unaofuata sherehe. Wengi wanaacha. Wanasema tutaenda wakati tutapata feza ya ndoa ya kanisa. Miaka kumi inapita.

Bila acte de mariage, service du personnel haina namna ya kumuandika bibi kwa watu wako. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa itaonekana siku ya kufiwa, tutarudi pale.

Ku komini watawauliza pia régime ya mali. Kuko tatu: kila mtu na mali yake (séparation des biens), mali yote ya pamoja (communauté universelle), ao mali ile mliyopata kisha kuoana ndiyo ya pamoja (communauté réduite aux acquêts). Msipochagua, sheria inawaweka kwa hii ya tatu. Jibuni mkijua mnajibu nini. Tumeona watu wanaweka signature wakati kamera iko juu yao, hata hawakusikia swali.

Kama bwana na bibi wote wanafanya kazi, mmoja hawezi kuwa « à charge » ya mwingine ikiwa mapato yake yanapita ngazi ya kwanza ya barème. Mbele ya kuandika watoto pande zote mbili, zungumzeni na service du personnel zenu: watoto wawekwe kwa mmoja, na mara nyingi inafaa awe yule anayekatwa zaidi.

Mtoto

Hapa tutapita mbio. Kuandikisha mtoto ni siku 90 kutoka kuzaliwa, na ni bure. Zikipita siku 90, unapaswa kupita kortini kutafuta jugement supplétif, na pale kuko gharama na safari. Acte de naissance ikiwa mkononi, peleka copy ku service du personnel na uombe accusé de réception: tarehe na signature kwenye copy yako. Usitume kwa mkono wa mwenzako bila kitu cha kuonyesha. Karatasi hiyohiyo inatumika kwa allocations familiales, ambazo sheria ya CNSS ya 2016 imeweka pamoja na msaada wa mbele ya kuzaa na wa maternité.

Watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanahesabiwa kama umewatambua kisheria. Mtoto wa marehemu kaka yako anayelala kwako anahesabiwa kama uko na karatasi ya tutelle ao ya adoption. « Ni mutoto yangu, banamujua mu kartiye yote » haitoshi. Lubumbashi imejaa nyumba zinazolea wapwa na wajukuu sita ao saba, na kwenye bulletin kunaonekana watoto wawili. Wazazi wako na wazazi wa bibi yako nao wanahesabiwa, ikiwa wanaishi kwako na hawana mapato yao.

Ukileta karatasi leo, mara nyingi masahihisho yanaanza mwezi huu. Kurudishiwa ya miaka ya nyuma ni vita virefu. Usingoje.

Kuachana

Kwa kuachana, karatasi ni hukumu ya korti. Kuhama nyumba hakutoshi. Mpaka hukumu itoke, mnabaki bwana na bibi kwa sheria, na mali ya pamoja inabaki ya pamoja. Pension alimentaire anayopokea mama kwa kulea watoto haikatwi IPR. Lakini yule anayeilipa aangalie bulletin yake: bibi wa zamani anatoka kwenye hesabu ya watu wake, na kumuacha pale kwa kunyamaza ni déclaration ya uongo.

Kutoka kazini

Watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawajasahau 2003 na 2004. Gécamines, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilitoa wafanyakazi zaidi ya 10.000 kwa mpango ulioitwa « départs volontaires ». Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Feza ikaja mara moja, wengi hawakuwa wamewahi kushika kiasi kama kile, na kwa nyumba nyingi iliisha mbele ya mwaka kwisha. Miaka mingi nyuma yake vikundi vya wale wazee viliendelea kudai kwamba décompte haikuwa kamili. Kama kuko somo la kodi pale, ni hili: usiweke signature kwa décompte final mbele ya kuisoma mstari kwa mstari.

Sababu ni kwamba mistari haikatwi sawa. Indemnité ya mwisho wa kazi inakatwa 10% tu. Arriérés za mshahara na congé ambayo haikulipwa ni mshahara, zinaenda kwa barème ya kawaida. Ukiona kila kitu kimewekwa kwa jumla moja na kukatwa kwa barème, pengine umekatwa zaidi. Omba wakutenganishie. Beba mtu wa syndicat ao inspecteur du travail kama wanakataa. Inspection du travail iko Lubumbashi na inasikiliza bure.

Kwa retrete, miaka ni 60 kwa wanaume na wanawake. Sheria 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 inaomba miezi 180 ya kulipa CNSS, ni miaka 15. Asiyefika pale anapewa allocation unique, feza ya mara moja. Mfanyakazi anatoa 5% kwa pension na mwajiri anatoa 5% yake. Lakini kuko waajiri wanaokata ile 5% ya mfanyakazi na hawaifikishi. Kwenye bulletin inaonekana imekatwa. Ku CNSS haijulikani. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 asingoje 60. Aende ku CNSS na numéro yake, aombe kuona miezi iliyoandikwa. Akikuta shimo la miaka mitatu, bulletin zake za zamani ndizo zitamtetea. Mama wa nyumba, usichome karatasi hizo wakati wa kusafisha malle ya baba.

Wengi wakitoka kazini wanafungua duka, depo ya makala, ao wanununua moto ya taxi. Pale unaingia kwenye sheria ya 2013 ya biashara ndogo. Mauzo yasiyopita 10.000.000 FC kwa mwaka yanalipa kiasi kimoja cha mwaka. Kutoka pale mpaka 80.000.000, ni 1% ya mauzo kwa mwenye kuuza vitu na 2% kwa mwenye kutoa huduma. Chukua numéro impôt mapema. Agent akikukuta hauna, mazungumzo yanaanza vibaya.

Kupangisha nyumba

Mtu amejenga annexe mbili nyuma ya parsele yake Kampemba, ao amehamia Kinshasa na kuacha nyumba ya Bel-Air kwa lokatere. Feza hiyo iko na kodi yake: IRL, impôt sur les revenus locatifs. Ni kodi ya jimbo, hata kama sheria yake ya msingi ni ya kitaifa. Hapa kwetu DRHKAT ndiyo inaipokea. Kwa sheria ya msingi kiasi ni 22%. Jimbo linaweza kutoa édit yake, kwa hiyo angalia note ya DRHKAT ya mwaka wenyewe.

Watu wanasahau kwamba sehemu kubwa inapita kwa mkono wa lokatere. Yeye anakata 20% ya feza ya nyumba na kuilipa ku benki kwa akaunti ya kodi, kisha anampa mwenye nyumba preuve. Nyumba ikiwa ya dola 300 kwa mwezi, 60 inaenda kwa kodi na mwenye nyumba anapata 240. Kwa mwaka, 22% ya dola 3.600 ni 792. Lokatere ameshalipa 720. Mwenye nyumba anaongeza 72 wakati wa déclaration, mbele ya tarehe 1 mwezi wa pili.

Mambo yanaharibika wakati mwenye nyumba anasema « miye nataka 300 yangu kamili » na mkataba haujaandika nani analipa kodi. Miaka miwili inapita, agents wanakuja, lokatere anamuonyesha mwenye nyumba kidole, na mwenye nyumba anamuonyesha lokatere. Andikeni kwenye mkataba. Na garantie ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu: sheria 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 imekata hivyo, hata kama komisionere anakuomba sita.

Kufiwa

Baba amekufa. Kuko bibi, watoto, na parsele iliyo kwa jina la marehemu. Kilio hakijaisha, ndugu wa marehemu wamekaa chini ya mwembe wanaulizana funguo ziko wapi. Tunajua wote mambo yanavyoendaga. Kodi inaonekana kama kitu cha mwisho cha kufikiri wakati ule, lakini karatasi zinazohitajiwa kwa kodi ni zilezile zinazomlinda mjane na watoto. Fanyeni kazi moja, ifae mara mbili.

Ya kwanza ni acte de décès ku komini. Permis d'inhumation na karatasi ya hospitali hazitoshi. Bila acte, CNSS haiwezi kufungua dosie ya pension ya mjane na ya yatima, benki haifungui akaunti, mwajiri halipi décompte ya marehemu kwa mtu wa haki.

Ya pili ni kujua nani ni mriti. Code de la famille, sheria 87/010 ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema watoto ni kundi la kwanza: wanachukua robo tatu ya urithi. Wavulana na wasichana ni sawa. Watoto wa nje ambao baba aliwatambua akiwa hai wamo pia, na mara nyingi hapa ndipo kelele inaanza. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, lenye pande tatu: bibi ao bwana aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Pande zote tatu zikiwako, kila upande unapata sehemu moja kwa kumi na mbili.

Mjane akisikia « moja kwa kumi na mbili » anavunjika moyo. Asubiri kidogo. Kama walioana kwa communauté réduite aux acquêts, mali waliyopata pamoja inagawanywa kwanza katikati. Nusu ni yake mwenyewe. Haiingii hata kwenye urithi. Kinachogawanywa kwa wariti ni nusu ya marehemu. Zaidi ya hapo, sheria inampa usufruit ya nyumba waliyokaa na vyombo vyake: anaendelea kukaa, hata kama nyumba si yake peke yake. Haki hiyo inakwisha akioa mwingine ao akifa. Sasa unaona juu ya nini tulisema kutokuandikisha ndoa ni hasara kubwa. Mama aliyeishi na bwana miaka ishirini bila acte de mariage, mbele ya korti anaanza kwa kutafuta namna ya kuonyesha kwamba alikuwa bibi.

Ya tatu ni liquidateur. Kwa sheria, bila testament, ni mriti mkubwa kwa miaka, ao yule ambao wariti wenyewe wamechagua, na korti inamhakikisha. Yeye ndiye anapaswa kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, na kodi ni moja ya madeni hayo. Shangazi mwenye sauti kubwa si liquidateur kwa sababu ya sauti yake. Wariti wanaweza kuchagua mama, kama wote wamekubali.

Halafu parsele. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema certificat d'enregistrement ndiyo inathibitisha haki juu ya parsele. Kwa Katuba, Kenya, Ruashi, familia nyingi ziko paka na livret de logeur ao fiche parcellaire ya zamani, kwa jina la babu. Mtu anaweza kukaa pale miaka arobaini bila shida. Shida inakuja siku mmoja wa wariti anauza kwa siri, na mwenye kununua anakimbia kutafuta certificat. Kisha miaka miwili, certificat inakuwa ngumu sana kuiangusha. Aliyenyang'anywa anabaki kudai malipo tu. Kwa hiyo mutation kwa jina la wariti ifanyike mapema. Inalipiwa, na feza yake inapita kwa DGRAD, ku benki, na note de perception. Wariti wakilipa pamoja ni nafuu kuliko avocat wa baadaye.

Tuje kwa kodi ya parsele yenyewe, impôt foncier, nayo ni ya jimbo na déclaration yake ni tarehe 1 mwezi wa pili. Hapa kuko haki ambayo wajane wengi wa Lubumbashi hawaijui. Ordonnance-loi 69/006 ya 1969 inamtoa kwenye kodi hii mjane, na mtu aliyefika miaka 55 tarehe 1 mwezi wa kwanza, kwa nyumba anayokaa mwenyewe, kama mapato yake si makubwa. Sharti ni kwamba akae pale peke yake, ao na watu walio kwa mkono wake, ao na mtu mwingine wa hali kama yake. Lakini kutolewa hakuji peke yake. Lazima apeleke déclaration na aonyeshe acte de mariage, acte de décès na karatasi ya parsele. Akinyamaza, jina la marehemu linabaki kwenye orodha, na pénalités zinaendelea kuhesabiwa kila mwezi juu ya mtu aliye kaburini.

Mjane akiweka lokatere kwenye annexe ili watoto wasome, sehemu ile haiko tena nyumba anayokaa, na IRL inaingia. Wengi wanaogopa hilo na wanaficha lokatere. Tunaelewa. Lakini lokatere anayekaa bila mkataba ni yuleyule ambaye kesho ndugu wa marehemu watamlipisha wao, na mama hatakuwa na karatasi ya kusema feza ile ilikuwa yake. Mkataba mdogo wa kurasa mbili, wenye jina la mama ao la liquidateur, na preuve za benki za ile 20%, umeshawahi kuwa na uzito mbele ya hakimu kuliko mashahidi kumi wa kartiye.

Feza ya urithi yenyewe haiingii kwenye IPR, juu si mshahara. Décompte ya marehemu inayolipwa na mwajiri wake, hiyo inakatwa kama tulivyoeleza juu. Wakikuambia kuko « kodi ya urithi » ya kulipa cash kwa mkono wa mtu, omba note yenye jina la ofisi, kifungu cha sheria na numéro ya akaunti ya benki. Kodi ya kweli inalipwa ku benki.

Ukipokea karatasi ya kudaiwa

Usiiweke kwenye droo. Avis de mise en recouvrement iko na tarehe, na tarehe hiyo inaanzisha hesabu. Kwa sheria ya procédures fiscales ya 2003 una miezi sita ya kuandika réclamation kama hukubali kiasi. Barua iwe fupi: jina, numéro impôt, numéro ya avis, kitu usichokubali na sababu yake, pamoja na copy za karatasi. Peleka mbili, moja irudi na cachet.

Kwa wale ambao wako na nyumba ao wamefiwa mwaka huu, anzeni kukusanya tangu mwezi wa kumi na mbili: acte de mariage, acte de décès, karatasi ya parsele, mkataba wa lokatere, preuve za benki, copy ya carte d'électeur. Mwisho wa mwezi wa kwanza foleni za DRHKAT ni ndefu, na mara nyingi ni pale mama anagundua kwamba acte de décès haijatolewa.